Lehemu ya Risasi Kariakoo: Roli Tatu, Kichupa Kimoja na Mizani

Redio ya jirani yangu ilirudi mezani kwangu baada ya wiki tatu ikiwa na ugonjwa ule ule niliokuwa nimeutibu: sauti inakatika, ukiigonga ubavuni inarudi, ukiiacha inanyamaza tena. Nilipofungua kifuniko na kuielekeza bodi kwenye mwanga wa dirishani, niliona kwamba viungo nilivyovilehemu mimi mwenyewe chini ya transfoma vilikuwa na rangi ya majivu na chembechembe kama za mchanga, na kimoja kilikuwa na ufa mwembamba uliozunguka pini yake mduara mzima, kana kwamba mtu ameuchora kwa sindano. Mkono wangu si wa fundi mkubwa, lakini kosa la aina ile sikuwa nimelizoea, kwa hiyo nilianza kuushuku waya wenyewe wa lehemu. Ulitoka kwenye roli mpya yenye karatasi ya manjano iliyoandikwa 63/37, yaani sehemu 63 za bati na 37 za madini ya risasi, ambayo niliinunua Kariakoo kwa bei iliyonifurahisha sana siku ile.

Mapitio haya yametokana na redio hiyo. Nilirudi Kariakoo Jumamosi mbili mfululizo, nikanunua lehemu katika maduka matatu ya vipuri vya elektroniki, nikaipima nyumbani kwa vifaa ambavyo mtu yeyote anaweza kuvipata, kisha nikaifanyia kazi kwa mwezi mzima. Sitataja majina ya maduka wala ya viwanda vilivyoandikwa kwenye karatasi, kwa sababu roli moja haitoshi kumhukumu mtu, na kwa sababu jina lililobandikwa kwenye roli bandia mara nyingi ni la kiwanda ambacho hakijawahi kuigusa. Ninachoweza kukisema bila wasiwasi ni kile nilichokiona kwenye mizani na kwenye ncha ya pasi ya kulehemia.

Kuna wasomaji watakaouliza kwa nini mtu anayetengeneza vyombo nyumbani aendelee kuitafuta lehemu yenye risasi ilhali madhara ya risasi yanajulikana. Jibu limo katika joto. Bati tupu huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi na risasi tupu kwenye nyuzi 327, lakini sehemu 63 za bati zikichanganywa na sehemu 37 za risasi kwa uzito, mchanganyiko huo huyeyuka kwenye nyuzi 183, yaani chini ya bati na chini ya risasi. Uwiano huo una sifa nyingine ambayo fundi huiona kwa macho yake: unapopoa hutoka katika umajimaji na kuwa mgumu papo hapo, bila kupitia hali ya uji. Lehemu ya 60/40, ambayo mafundi wengi wa redio wamekua nayo, hupita katika uji wa muda mfupi mno, kati ya nyuzi 190 hivi na 183, na kwa kazi za kawaida tofauti hiyo haisumbui. Lehemu isiyo na risasi inayotumika zaidi viwandani, yenye bati asilimia 96.5, fedha asilimia 3 na shaba asilimia 0.5, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217, na ile ya bei nafuu zaidi yenye bati asilimia 99.3 na shaba asilimia 0.7 hungoja mpaka nyuzi 227.

Kwa mwenye pasi ya kisasa inayojipima joto, tofauti ya nyuzi arobaini si jambo la kumkosesha usingizi. Wengi wetu, hata hivyo, tunatumia pasi ya wati 40 au 60 inayochomekwa moja kwa moja ukutani, isiyo na kidhibiti chochote, na joto lake hupanda na kushuka pamoja na umeme wa mtaa. Nguvu ya pasi hufuata mraba wa volti: pasi ya wati 60 iliyotengenezwa kwa volti 230, ikipata volti 180 jioni wakati kila nyumba imewasha taa, feni na jokofu, inabaki na wati zisizofika 37. Kwa wati hizo, nyuzi 183 bado zinafikika upesi. Nyuzi 227 zinafikika kwenye kiungo kidogo, lakini kwenye mguu wa transfoma au kwenye shaba pana ya upande wa hasi unajikuta umeshikilia pasi nusu dakika nzima, na katika nusu dakika hiyo gundi inayoshika njia za shaba kwenye zile bodi za zamani za rangi ya kahawia huachia, njia ikabanduka, na redio iliyokuja na hitilafu moja ikawa na mbili. Nimezibandua njia za kutosha kulisema hili kwa uchungu.

Upatikanaji wenyewe hauna shida hata kidogo. Katika maduka membamba ya vipuri yaliyo pembezoni mwa mitaa ya Uhuru na Msimbazi, ambako kapasita na transista zimepangwa kwenye droo ndogo za plastiki hadi darini, lehemu hutundikwa ukutani kama mkufu: roli za gramu 50, 100 na 500, unene wa milimita 0.6, 0.8 na 1, pamoja na vichupa vidogo vyembamba ambavyo mafundi simu huvipenda kwa sababu vinaenea mfukoni. Asiye na fedha ya roli anauziwa kipande kinachopimwa kwa mkono, kuanzia ncha za vidole hadi kiwiko, na kipande cha namna hiyo kinatosha kabisa kufunga spika mbili na kubadilisha swichi ya feni. Mimi nililipa shilingi 6,000 kwa roli ya manjano ya gramu 100, shilingi 15,000 kwa roli ya gramu 100 ya 60/40 iliyokuwa na karatasi nyeupe isiyo na mapambo yoyote, shilingi 4,000 kwa kichupa cha gramu 15 kilichoandikwa 63/37, na shilingi 18,000 kwa roli ya gramu 100 isiyo na risasi, ambayo ilinibidi kuizungukia maduka mawili kabla ya kuipata. Kijana wa duka la kwanza aliponiona nikiigeuzageuza roli ya manjano aliniambia, "Kaka, hiyo orijino, mafundi wote wanabeba hiyo." Katika duka la tatu mambo yalikuwa tofauti. Nilimwamkia mzee aliyekuwa nyuma ya kaunta, nikamweleza yaliyoipata redio, naye bila maneno mengi akachomoa pasi iliyokuwa tayari imechomekwa pembeni ya kaunta, akanipa pamoja na kipande cha bodi mbovu, akasema, "Jaribu kwanza, mwanangu. Ikikufaa ndiyo ulipe." Sijawahi kukutana na duka jingine linalofanya hivyo, na ningependa kuwe na mia.

Sasa kipimo chenyewe. Bati ni jepesi kuliko risasi: sentimita moja ya ujazo ya bati ina uzito wa gramu 7.3, na ya risasi ina gramu 11.3, hivyo kipande cha lehemu kinachozama majini kinaweza kukwambia siri yake chenyewe ukikiuliza kwa mizani. Huwezi kuupima waya kama ulivyo, kwa kuwa ndani yake kuna mshipa wa flaksi, dawa inayosaidia lehemu itambae, ambayo ni nyepesi mno na huharibu hesabu. Nilichimba shimo dogo kwenye kipande cha mbao, nikauyeyushia humo waya kiasi cha gramu 20 kwa ncha ya pasi, nikaiacha flaksi ipande juu, na kidonge kilipopoa nikaikwangua yote na kukisugua kwa spiriti. Kisha nikaweka glasi ya maji juu ya mizani ndogo ya vito inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, nikairudisha mizani kwenye sifuri, na kukining'iniza kidonge kwa uzi hadi kikazama chote bila kugusa chini wala kando. Namba inayotokea hapo ni uzito wa maji yaliyosukumwa, na ukigawanya uzito wa kidonge kwa namba hiyo unapata jibu. Lehemu ya kweli ya 63/37 inapaswa kutoa 8.4, ya 60/40 itoe 8.5, na isiyo na risasi itoe 7.3 au zaidi kidogo.

Kidonge cha karatasi nyeupe kilikuwa na gramu 19.80 na kikasukuma gramu 2.33 za maji, yaani 8.5, sawasawa na ahadi iliyoandikwa. Kichupa cha mafundi simu kilitoa 8.4. Roli isiyo na risasi ilitoa 7.3. Kidonge cha roli ya manjano kilikuwa na gramu 20.06, na nilipokizamisha mizani ikasimama kwenye 2.10. Nilikitoa, nikakifuta, nikakirudisha mara tatu, jibu likawa lile lile, 9.55, maana yake ndani ya waya ule ulioandikwa asilimia 63 ya bati mlikuwa na bati theluthi moja tu na kilichobaki kilikuwa risasi. Nilipoipima roli nzima pamoja na plastiki yake, kisha plastiki tupu baada ya kuufungua waya, nilikuta gramu 79 mahali palipoandikwa 100.

Sababu ya udanganyifu huo haihitaji mpelelezi. Katika soko la dunia bati huuzwa kwa bei inayozidi ya risasi mara kumi na zaidi, na kila asilimia ya bati inayoondolewa na kuwekwa risasi ni faida ya aliyeyeyusha. Karibu nusu ya bati lote linalotumika duniani huishia kwenye lehemu, na sehemu ya bati hilo huchimbwa huku kwetu, Kyerwa mkoani Kagera, ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda, na Walikale katika Kivu Kaskazini. Inaniuma kuona madini yanayotoka kwa jasho la watu wa ukanda huu yakirudi Kariakoo yamepunjwa karibu nusu, ili fundi wa Buguruni apate hasara ya redio asiyoijua chanzo chake.

Mchanganyiko wenye bati theluthi moja huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 kama nyingine, lakini hauwi maji kamili mpaka karibu nyuzi 250, na katikati yake ni uji mtupu. Nilililinganisha hilo mezani kwa viungo viwili vya ukubwa mmoja. Kile cha lehemu nyeupe, mara tu nilipoiondoa pasi, kiling'aa kama kioo kisha kikaganda kwa mara moja, na lehemu yake ilikuwa imepanda kwenye pini kwa mteremko mzuri kama wa kilima. Kile cha lehemu ya manjano kilibaki na utando uliofifia, nikahesabu hadi nne huku nikikiona bado laini, na nilipoigusa kapasita kwa ukucha katika sekunde hizo kiungo kikapasuka mduara kuizunguka pini, ufa ule ule niliouona kwenye redio ya jirani. Transfoma ni kitu kizito. Ukiigeuza bodi kabla uji haujaganda, uzito wake unatosha kukivunja kiungo ambacho ulidhani umekimaliza, na kitashika kwa wiki mbili tatu kabla ya kukuaibisha.

Suala la flaksi nalo lina uzito wake, na hapa nimekuta watu wengi wanaoilaumu risasi kwa makosa yasiyo yake. Mshipa ulio ndani ya waya mzuri ni utomvu wa msonobari uliosafishwa, ambao kazi yake ni kuondoa kutu ya juu ya shaba ili lehemu itambae. Niliukata kila waya mara kumi kwa wembe na kuutazama kwa lenzi. Katika waya wa karatasi nyeupe na wa kichupa, kitone cha manjano kilikuwamo kila nilipokata; katika roli ya manjano, mara tatu kati ya kumi nilikuta tundu tupu. Waya wenye tundu tupu hautambai, bali hujikunja na kuwa tone, na fundi anayeona tone hukimbilia kopo la pesti, yaani flaksi ya kupaka. Wauzaji wengi watakuuzia kopo hilo pamoja na waya bila kukuuliza kazi yako ni ipi, nami ninaomba msomaji alichunguze kabla ya kulifungua, kwa maana baadhi ya makopo hayo yametengenezwa kwa ajili ya wanaounga mabati na mabomba, na ndani yake mna kloridi ya zinki. Kwenye mabati inafaa. Kwenye bodi inaendelea kula shaba baada ya kazi kwisha. Bodi ya amplifaya niliyoitengeneza kwa pesti ya namna hiyo ilikuwa na unga wa kijani kwenye miguu ya transista baada ya miezi miwili, na njia mbili zilikuwa zimekatika kabisa chini ya unga huo. Waya wa kweli wenye utomvu wake ndani hauhitaji kopo lolote kwa kazi za kawaida, na mabaki yake yanafutika kwa pamba iliyolowa spiriti.

Roli isiyo na risasi sikuinunua kwa ajili ya kuibeza. Nililehemu nayo taa ya sola na kituo cha betri cha kidude cha mtoto, saa za mchana umeme ukiwa mzuri, na viungo vilishika vizuri, ingawa havikung'aa, na kwa lehemu hiyo kutong'aa si ugonjwa. Ncha ya pasi yangu ya bei nafuu ndiyo iliyoteseka: baada ya wiki mbili ilikuwa imechimbika ubavuni, kwa sababu bati jingi kwenye joto kubwa huila shaba ya ncha isiyofunikwa chuma. Mwenye pasi nzuri na watoto wadogo ndani ya nyumba anaweza kuichagua hiyo na asijute.

Bodi nyingi tunazozifungua leo zilitoka kiwandani bila risasi. Umoja wa Ulaya uliweka kanuni iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2006, ile inayojulikana kwa jina la RoHS, ambayo hairuhusu risasi kuzidi asilimia 0.1 katika malighafi yoyote iliyomo ndani ya vyombo vingi vya umeme vinavyoingizwa sokoni, na kwa kuwa viwanda vikubwa havipendi kutengeneza chombo kile kile kwa njia mbili, mabadiliko hayo yalitufikia hata sisi tusiokuwa Ulaya. Lehemu ya risasi ina msaada wa pekee kwa bodi hizo. Unapotaka kutoa tundu la chaja la simu au la spika ya bluetooth, na lehemu ya kiwandani inakataa kuyeyuka, unaongeza lehemu kidogo ya risasi juu ya kila mguu, unaiacha ichanganyike na ile ya zamani, joto la kuyeyukia linashuka, na tundu linatoka bila kuing'oa shaba. Baadaye unaifyonza yote kwa utambi wa shaba na kuanza upya kwa lehemu safi ya aina moja. Kwa kazi hiyo kile kichupa cha milimita 0.6 kimenisaidia kuliko roli zote, ingawa ukipiga hesabu ya bei kwa kila gramu ndicho kinachokaribia mara mbili ya roli nyeupe.

Ndugu yangu anayeishi Ujerumani alishangaa nilipomwambia kwamba tatizo langu lilikuwa kuchagua na wala si kupata. Kule, tangu tarehe 1 Machi 2018, sheria za Umoja wa Ulaya zimezuia lehemu yenye risasi ya asilimia 0.3 au zaidi kuuzwa kwa watu wa kawaida, na anayetaka kuinunua anatakiwa awe anainunua kwa shughuli ya kitaalamu. Marekani bado inauzwa madukani ikiwa na onyo kwenye karatasi, na lililopigwa marufuku huko tangu 1986 ni kuitumia kuungia mabomba ya maji ya kunywa. Sisi tunayo wazi kaunta nzima, kwenye roli ambazo kati ya nilizozinunua hakuna hata moja iliyokuwa na neno la Kiswahili kuhusu hatari yake. Ningekuwa na uwezo wa kuagiza jambo moja kwa waingizaji wa bidhaa hizi, ningeagiza karatasi inayosema kweli juu ya kilichomo na inayomwambia mnunuzi kwa lugha yake anawe mikono.

Kwa sababu hatari ipo, ila wengi wanaitafuta mahali isipokuwapo. Moshi mweupe unaopanda pasi inapogusa waya ni wa flaksi. Risasi haichemki mpaka nyuzi zaidi ya 1,700, joto ambalo pasi yetu haiwezi hata kuliota. Moshi huo wa utomvu nao unawasha kifua na unaweza kumletea mtu pumu, kwa hiyo dirisha lifunguliwe na feni ndogo iuvute kando. Risasi yenyewe huingia mwilini kwa njia ya mkono na mdomo. Nimewaona mafundi wazuri, watu ninaowaheshimu, wakiubana waya kwa meno ili mkono mmoja ushike pasi na mwingine ushike bodi, kisha wakaendelea na andazi bila kunawa. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, ambao ubongo wao bado unakua. Wakazi wa Owino Uhuru huko Mombasa wanalijua hilo kwa gharama kubwa: kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwatia risasi katika damu, mama mmoja aliyekuwa mfanyakazi wake, Phyllis Omido, akasimama hadi akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikawaamulia wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Roli ya gramu 100 si tanuri la betri, lakini chembe zinazodondoka chini ya meza ni risasi ile ile, na mtoto anayetambaa huokota kila kitu.

Kwangu meza ya kulehemu imehamia barazani, nimeifunika kwa karatasi ngumu ninayoibadilisha, hakuna chai juu yake, na sabuni na kopo la maji viko mlangoni kabla ya kuingia ndani. Kishikio nimekitengeneza kwa waya mnene wa umeme uliopindwa, ili meno yapumzike.

Ninayoipendekeza ni roli ya karatasi nyeupe ya 60/40, unene wa milimita 1, kwa redio, amplifaya, feni na vyombo vyote vyenye viungo vinene, na kichupa cha 63/37 cha milimita 0.6 kiwe pembeni kwa ajili ya simu na bodi zenye miguu iliyobanana. Anayekwenda kununua asiione aibu kuomba ajaribu: ayeyushe tone moja kwenye shaba iliyosafishwa, aondoe pasi, aangalie kama linaganda kwa mara moja huku likiwa na mng'ao, au kama linajivuta katika uji na kugeuka majivu. Muuzaji akikataa kabisa kumwonyesha, maduka mengine hayako mbali.

Redio ya jirani niliifyonza lehemu yote ya zamani, kiungo kwa kiungo, nikailehemu upya kwa roli nyeupe, na ni mwezi wa pili sasa ninaisikia ukutani ikisoma taarifa ya habari ya saa mbili usiku bila kukatika. Roli ya manjano niliipeleka tena kwa kijana aliyeniuzia, pamoja na kidonge na hesabu yangu. Hakurudisha fedha, lakini alikishika kidonge kwa muda mrefu, akakipima uzito mkononi akikilinganisha na kile cha roli nyeupe nilichokuwa nacho, kisha akaniuliza ile mizani ya vito inauzwa wapi.